Miezi ya Chenga

Watu wakinisikia nikisema sipendi televisheni hudhani ni mambo ya dini, au ni ushamba niliotoka nao Didia. Nawaacha wadhani hivyo. Ni rahisi kuliko kuwaeleza kwamba televisheni ya kwanza kuingia kijijini kwetu iliingia nyumbani kwetu, kwamba mama yangu ndiye aliyeitafuta, na kwamba aliitafuta ili baba asirudi machimboni akafa. Hakutaka kuonekana tajiri, na habari za mpira au za Dar es Salaam hazikumhusu. Alitaka mumewe akae nyumbani, basi.

Baba alikuwa mchimbaji upande wa Geita tangu mimi sijaanza shule. Alikuja nyumbani wakati wa kulima, tena si kila mwaka, na kila alipokuja alileta sukari, khanga na kikohozi. Mwanzoni kikohozi kilikuwa cha kawaida, cha mtu aliyelala kwenye baridi. Kikakua. Mwaka niliomaliza darasa la saba, na jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa kuendelea, alirudi akiwa hawezi kutembea kutoka barabara kuu mpaka nyumbani bila kukaa chini njiani. Wakamtibu kifua kikuu, haikusaidia kitu. Mwishoni mama alimpeleka hospitali mjini, na daktari mmoja mtu mzima akawaambia wote wawili, mimi nikiwa mlangoni na kikapu cha chakula, kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe. Vumbi hilo halina dawa ya kulitoa. Akikaa mbali na mashimo anaweza kuishi miaka, akirudi chini hatamaliza msimu.

"Mzee, umenielewa?" daktari aliuliza.

Baba akasema ameelewa. Tulipofika nje ya geti alimwambia mama kwamba yule daktari hajawahi kushika hata chepe.

Baba yangu hakuwa mjinga, na sitaki mtu amfikirie hivyo. Lakini mara moja, nikiwa mdogo, duara lao lilitema. Ndivyo wachimbaji wanavyosema shimo likitoa dhahabu. Lilitema mara hiyo moja, akaezeka nyumba yetu kwa bati, na tangu siku hiyo hakuamini kwamba limefunga mdomo. Akipata nafuu kidogo tu, akilala usiku mmoja bila kukohoa, asubuhi unamkuta anatafuta viatu. Mama alivificha viatu hivyo kwenye debe la mtama. Baba akasema hata pekupeku atafika.

Kilichompa mama wazo ni maneno ya baba mwenyewe. Jioni, akiwa amekunywa uji na kifua kimetulia, baba hakusimulia dhahabu. Alisimulia banda la video la pale senta ya machimboni. Alisimulia mabenchi ya mbao, jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, watu waliotoka shimoni na vumbi la mchana kutwa wamekaa kimya kama wako kanisani, na mbele yao ile televisheni. Akisimulia hayo uso wake ulikuwa unakunjuka. Mama alikuwa anakoroga mboga na kusikiliza, na nadhani aliona mlango. Kama hicho ndicho kinachompendeza huko, basi kije hapa.

Akauza ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe aliopewa na kaka yake, yaani mjomba wangu, na mjomba ndiye aliyempelekea mnadani, huku akinung'unika njia nzima. Kijiji kizima kilisema mke wa mchimbaji amerukwa na akili, anauza ng'ombe kununua sanduku la kioo. Mimi pia niliona aibu. Wenzangu walikuwa wanaolewa au wanakwenda sekondari, na mimi nilikuwa binti wa nyumba inayochekwa kisimani.

Tulikwenda mjini Shinyanga, mimi na mama, kwenye duka la Muhindi mmoja mzee aliyeuza redio, karabai na vipuri vya baiskeli. Alizaliwa hapo hapo mjini, na Kisukuma alikijua kuliko wajukuu zetu wa leo.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama. "Mnakaa wapi?"

"Didia."

"Umeme uko?"

"Hakuna."

"Basi chukua hii ndogo, inatumia betri ya gari. Ya rangi, picha safi kabisa. Lakini, mayu, nisikudanganye mimi. Didia picha haifiki. Hata hapa mjini haifiki, mimi mwenyewe nimefunga ungo huko juu. Wewe utaona chenga tupu."

Mama akauliza chenga ni nini. Mzee akaiwasha bila waya wa ungo, na kioo kikajaa vidoti vyeupe na vyeusi vinavyochemka, na sauti kama mvua juu ya bati. Mama alizitazama chenga hizo kwa muda mrefu, mkoba wake kifuani.

"Niuzie," alisema.

"Mayu, mimi nauza televisheni. Picha siuzi."

"Nimekusikia, mzee wangu. Niuzie."

Muhindi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningemtia mama akili. Nikatazama pembeni. Akatufungia televisheni kwenye boksi lake, akatuongeza antena ya vyuma na waya mrefu, na waya huo hakutudai. Nadhani alituhurumia, na nakumbuka nilichukia kuhurumiwa kuliko nilivyochukia kuchekwa.

 Baba alipoiona alishika boksi kwa mikono miwili, akasoma maandishi ya pembeni ambayo hakuyaelewa, halafu akaniambia nilete kisu. Tuliiweka juu ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cha mama cha kufuma, betri ikakaa chini ya meza juu ya ubao. Waya mwekundu kwenye alama ya jumla, mweusi kwenye ya kutoa. Alibonyeza, na chenga zikajaa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu huniambia natania. Chenga zile zilimweka baba nyumbani. Tena si kwa siku mbili tatu, kiangazi chote.

Alikata mkaratusi mrefu, akafunga antena kileleni, akausimamisha nje ya dirisha la sebule. Kazi ikawa kuuzungusha. Yeye nje anauzungusha taratibu, mimi ndani natazama kioo na kupiga kelele. "Hapo! Hapo baba! Umepitiliza!" Kuna wakati chenga zilipungua katikati na tukaapa kwamba tumeona kichwa cha mtu. Kuna wakati sauti ilibadilika kidogo, na baba akaja ndani akihema, akapiga magoti mbele ya kioo, sikio limegusa kabisa.

"Unasikia, mayu?" Aliniita hivyo, mayu, mama, kama baba zetu wanavyowaita mabinti wanaowapenda. "Kuna mtu anaongea humo chini."

"Sisikii kitu, baba."

"Yupo. Ni kama mwamba wa dhahabu. Huuoni, lakini jiwe linakuambia umekaribia."

Akafunga mifuniko ya sufuria za mama kwenye antena ili inase zaidi. Akaongeza mti juu ya mti. Akaufukia mlingoti upya upande wa pili wa nyumba, eti mnazi wa jirani unaziba, ingawa jirani hakuwa na mnazi, alikuwa na mpapai mmoja uliokonda. Alikaa mbele ya chenga hizo mchana kutwa na kitabu cha maelekezo cha Kijapani mapajani. Betri ilipokwisha, mjomba aliibeba kwenye baiskeli kwenda kuchajisha kwa wenye jenereta, na siku ambayo haipo baba alishinda akisafisha vyuma vya antena kwa majivu.

Alikula. Hilo ndilo mama alilolitazama. Alikula ugali na mlenda, alikula michembe ya viazi na karanga, akaanza kujaa kidogo mashavuni. Viatu vilikaa ndani ya mtama na hakuviulizia tena. Siku moja nilimsikia mama akicheka peke yake jikoni, kicheko kidogo tu. Sijui kama niliwahi kumsikia akicheka hivyo kabla ya hapo, na baada ya hapo sikumsikia tena. Kama Mungu angeniuliza nisimamishe wapi saa, ningesema simamisha hapo, kwenye chenga.

Picha ikaja. Sisi hatukuifanyia lolote. Huko mjini walisimamisha mtambo wa kurushia matangazo, hatukujua, na jioni moja baba alibonyeza kama kawaida, chenga zikatikisika, zikakaa sawa, na mwanamke akawa anatutazama. Alikuwa anasoma habari. Picha ilikuwa safi, safi kuliko tulivyowahi kuwaza. Baba alisogeza kiti.

"Ona," alisema kwa sauti ndogo. "Hata hereni zinaonekana."

Akalia. Alilia huku amekaa wima, mikono magotini, na mama akasimama nyuma yake akamshika mabega. Nami nililia, mjinga mimi, nikidhani sasa tumepona.

Kwa siku chache za kwanza baba alikuwa mfalme. Watu walianza kuja jioni, wakisema wamekuja kumjulia hali, macho yao yote yako mezani. Kwetu huwezi kumwambia mtu aliyebisha hodi kwamba nyumba imejaa. Walikaa kwenye mikeka, watoto mbele, wanawake upande wa jikoni, wanaume wamesimama ukutani, na baba kwenye kiti chake cha mbao katikati akiwaeleza yule ni nani na yule anafanya nini, mambo mengi akiyatunga hapo hapo. Alikuwa na furaha. Wale wale waliotucheka kisimani walimshukuru mama: mayu, wabeja, umetufungua macho.

Halafu bibi akasikia.

Bibi huyu ni mama mzazi wa mama. Aliishi kwa mjomba, ng'ambo ya lambo. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja. Ni heshima, hakuna ugomvi ndani yake. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Bibi alimpenda sana baba, na baba alimheshimu bibi mpaka akawa anainama akisikia jina la kijiji alikozaliwa, lakini katika miaka yote ya ndoa ile walikuwa wakisalimiana kupitia kwetu. "Mwambie baba yako nauliza kifua." "Mwambie bibi yako kifua kinashukuru." Bibi akija kwetu alipita nyuma, akakaa jikoni, hakuvuka kuingia sebuleni. Kwa hiyo walipendana na hawakuonana, na mambo yakaenda vizuri.

Ila televisheni haikuwa jikoni.

Jioni aliyokuja bibi tulimsikia kwanza uani, akiuliza kwa sauti kubwa, kama ilivyo desturi, ili anayepaswa kuondoka aondoke. Baba akanyanyuka. Mtu ambaye alikuwa hawezi kuinuka bila kushika meza alinyanyuka kama kijana na kutokea mlango wa pili. Bibi akaingia, amejifunika khanga mpaka kichwani, akatazama huku na huku. Watu wote wakamsogelea kumpa shikamoo. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, na mtu mzima hakalishwi kwenye mkeka wakati kiti kipo. Akakalishwa kwenye kiti cha baba. Hakujua ni cha nani, hakuna aliyemwambia, na nani angemwambia?

Akapenda. Jamani, jinsi bibi alivyopenda. Macho yake yalikuwa hayaoni hata uzi wa sindano, lakini picha ile aliiona. Alimjibu yule msoma habari alipotoa salamu. Aliwaonea huruma watu wa mafuriko ya nchi asiyoijua. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na jioni zote zilizofuata, mjomba akimleta kwenye baiskeli.

Baba akawa anakaa nje, kwenye kigoda, chini ya mlingoti wake, akisikiliza sauti kwa dirishani.

Mama alijaribu kila kitu. Aliweka pazia la kitenge katikati ya sebule, televisheni akaielekeza upande, baba huku, bibi kule. Lilidumu jioni moja. Baba alikohoa, na bibi aliposikia kikohozi cha mkwe wake karibu hivyo, umbali wa kitambaa, alishtuka akavuta khanga usoni na kutoka nje bila viatu. Aliona aibu kana kwamba amemkuta uchi. Kesho yake baba alimwambia mama alitoe pazia.

"Basi nimwambie aje Jumamosi tu," mama alisema. "Siku nyingine ukae wewe."

"Mama mkwe unampangia siku? Yeye kliniki?"

"Wewe ni mgonjwa. Nje kuna baridi na vumbi."

"Nikimfukuza mkwe wangu kwa ajili ya picha, nitamtazama nani usoni kijijini hapa? Mwache. Mwambie mimi napenda upepo."

Ndivyo bibi alivyoambiwa, kwamba mkwe wake ana joto, anapenda upepo. Bibi akashukuru kwamba kifua kimepata nafuu.

Halafu mama akaanza kudanganya. Mama yangu, ambaye alikuwa akituchapa kwa uongo mdogo, alichomoa waya wa betri na kuwatangazia watu kwamba betri imekufa, hakuna picha, nendeni salama. Nilimwombea uongo huo ufanye kazi. Bibi akaenda nyumbani ana huzuni, na mjomba, kwa sababu anampenda mama yake na anampenda dada yake, akaleta betri ya trekta la chama cha pamba, amebembeleza mpaka akaazimwa. Akaifunga yeye mwenyewe huku anatabasamu. Watu wakampigia makofi. Mama naye akapiga.

Wema huo ulinichosha. Hapakuwa na mtu mbaya wa kumtukana. Kila mtu alikuwa na heshima, kila mtu alikuwa anafanya kile anachopaswa, na baba yangu alikuwa anazidi kukohoa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Ningekuwa na nguvu ningekwenda kumwambia bibi wazi. Lakini kumwambia mama mkwe kwamba mkwe wake anateseka kwa sababu yake ni kumtukana yeye na kumtukana baba kwa pamoja, tena kwa mdomo wa binti ambaye hajaolewa. Mama alinisoma. Alinishika mkono jikoni akaniambia nikithubutu nitakuwa nimemuua baba kabla ya vumbi. Kwa hiyo nilinyamaza, na mpaka leo nina hasira na heshima ile, ingawa nimelelewa nayo na wanangu nimewafundisha.

Nje baba hakukaa peke yake. Vijana na wazee waliorudi kutoka Geita, wakikosa nafasi ndani, walikaa naye chini ya dirisha. Hao picha walikuwa wameishaiona huko huko machimboni. Walichokuwa nacho ni habari. Nikitoka kumwaga maji nilisikia: kuna shimo jipya limefunguliwa, kuna duara limetema vibaya sana, fulani amejenga, broka wa dhahabu wanalala pale pale shimoni wakisubiri mzigo.  Baba aliuliza tu maswali madogo. Mwamba umeelekea wapi? Maji yapo? Nani anashika kamba?

"Baba, ingia jikoni uote moto," nilimwambia jioni moja.

"Nasikiliza tu, mayu."

Alisema hivyo kwa upole, lakini uso wake ulikuwa umekunjuka kama zamani alipokuwa akisimulia banda la video. Nikaingia ndani nikamwambia mama. Mama akanyanyuka atoke, na bibi akamshika khanga akamwuliza yule mwanamume kwenye picha ni mume wa yule au kaka yake, na mama akainama kumjibu, kwa sababu ni mama yake. Nilisimama pale na beseni mkononi nikitazama kioo. Picha ilikuwa safi kabisa. Nilizitamani chenga.

Baba aliondoka Jumamosi, jua likiwa linazama, wakati wa mchezo wa kuigiza. Sebule ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Kulikuwa na kicheko kikubwa, kile cha watu wengi kwa pamoja, ambacho ndani yake husikii hata jina lako ukiitwa. Kilipotulia niligundua sisikii kikohozi. Nilikuwa nimezoea kukisikia chini ya kila kitu, na sasa hakikuwepo. Nikatoka. Kigoda kilikuwepo, na blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Wale wa Geita hawakuwepo pia. Kwenye debe la mtama kulikuwa na mtama tu, umemwagika kidogo sakafuni.

Mama alikimbia mpaka barabara kuu. Gari la mizigo lilikuwa limeishapita kuelekea Tinde, na mwenye kibanda cha hapo barabarani alisema ndiyo, alipanda, walimsaidia kupanda. Aliporudi watu walikuwa wamesimama uani, na bibi katikati yao akiuliza kuna nini. Hapo mama akashindwa. Akamwambia yote, kiti, pazia, upepo, mbele ya watu.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mngeniambia," alisema. "Mwanangu, mngeniambia nisingekuja."

"Ningekwambiaje, mama?"

Hakukuwa na namna, na bibi ndiye aliyetufundisha kwamba hakuna. Alitembea peke yake mpaka chini ya mlingoti, akageukia upande wa barabara, na akaliita jina la baba. Alilitaja lote, kwa sauti, kwa kinywa ambacho hakijawahi kulitamka. Wazee waliokuwepo walitazama chini. Akaita tena, halafu mjomba akaja akamshika bega akampandisha kwenye baiskeli. Sebuleni kwetu hakukanyaga tena.

Nilimwambia mama tuiuze televisheni ile, au tuitupe lamboni. Alikataa. Alisema baba akirudi ataikuta. Sasa kiti chake kiko wazi, alisema, sasa hakuna wa kumtoa. Akawa anaiwasha kila jioni na kuwaacha watu waje, kiti cha baba kikibaki kitupu katikati yao na yeye amekaa pembeni yake chini, akitazama kioo bila kuona kitu. Mimi sikuwa na tumaini hata kidogo. Nilihesabu msimu kama daktari alivyosema, na nilimchukia kwa kusema kweli.

Mvua zilipoanza, Jumapili moja alasiri, kukiwa na mpira, wanaume wawili wageni walibisha hodi. Walikuwa na matope ya njiani miguuni. Wakasalimia kwa adabu, mama akawaitikia, akawaonyesha mkeka karibu na mlango kama alivyomwonyesha kila aliyekuja kutazama. Wakakaa. Walitazama mpira. Goli lilipoingia watu wakaruka, na mmoja wao akatabasamu, halafu akaacha. Nikawapa maji. Wakanywa, wakanirudishia kikombe, hawakuinua macho.

Baadaye yule mkubwa alinyanyuka, akapita katikati ya watu akiomba radhi, akachuchumaa mbele ya mama.

"Mayu," alisema, "tunaomba uizime."

Tangu picha ije, watu walikuwa wameomba sauti iongezwe, wameomba mkeka usogezwe, wameomba maji na moto wa sigara. Hakuna aliyewahi kuomba izimwe. Mama hakumwuliza kwa nini. Aliinama chini ya meza akachomoa waya wa betri, na kabla picha haijafifia yote kwenye kioo alikuwa ameishaanza kulia.